UZI: Mmeiona dokumentari ya Apollo 13? Mimi fundi friji nimekwama kwenye thamostati

FundiFriji

Wakuu, habari za jioni.

Juzi umeme ulirudi mapema mtaani kwetu. Wenzangu wakakimbilia mpira, mimi nikafungua ile dokumentari ya Apollo 13 iliyotoka mwaka 2024, ile iliyoungwa kwa picha za zamani na sauti zenyewe za redioni. Nilijidai naijua hadithi: watu watatu walikwenda mwezini, chombo kikapasuka njiani, wakarudi salama, watu wakapiga makofi. Nikaweka karanga mezani. Asubuhi mke wangu kazikuta vilevile.

Kwa ambao hawajaiona napita haraka. Waliruka kutoka Florida tarehe 11 Aprili 1970, kwa saa zetu ilikuwa saa 4 na dakika 13 usiku. Kamanda ni Jim Lovell, wenzake Fred Haise na Jack Swigert. Swigert aliingizwa kikosini siku mbili tu kabla ya safari, maana Ken Mattingly alikuwa amechangamana na mtu mwenye rubela na yeye hakuwa na kinga. (Mattingly hata chafya hakupiga.) Siku ya tatu, wakiwa kama kilomita 320,000 kutoka duniani, Houston, yaani kituo cha kuongozea safari, wakawaomba wakoroge matangi ya oksijeni. Swigert akabonyeza swichi. Dakika moja na nusu hivi baadaye, mshindo. Huku kwetu kulikuwa kunapambazuka, Jumanne saa 12 na dakika 8.

Sasa kila ninayemsoma anasifu ujasiri. Sawa, wanastahili. Ila mimi nimekwama kwenye kidude ambacho ningekifunika kwa kiganja kisionekane.

Ndani ya tangi la oksijeni namba 2 kulikuwa na hita, feni za kukorogea, na thamostati za kuikata hita ikizidi moto. Thamostati zile zilikuwa za volti 28, kwa sababu chombo kikiwa angani kinatumia volti 28. Mwaka 1965 ikaamuliwa kwamba kule uwanja wa kurushia hita ziwashwe kwa volti 65, kazi iende haraka. Agizo likaandikwa, likatumwa kwa watengenezaji wa tangi. Thamostati zikabaki zilezile. Aliyetengeneza hakuona, aliyemwagiza hakuona, NASA, shirika la anga la Marekani, hawakuona. Miaka mitano!

Tangi lenyewe lilikuwa na historia. Lilifungwa kwanza kwenye Apollo 10, likatolewa lifanyiwe marekebisho, na wakati wa kulitoa likaponyoka, likaanguka kama sentimita 5. Vidole vitatu hivyo. Wakaliangalia nje, zima. Machi 1970, kwenye mazoezi ya mwisho ya kurusha, likajazwa oksijeni kisha likagoma kumwaga. Mabomba ya ndani yalikuwa yamelegea, pengine kwa ule mwanguko. Wakaona njia rahisi: tuwashe hita, oksijeni ichemke itoke yenyewe. Lovell mwenyewe akaulizwa, akakubali, kwa sababu kubadilisha tangi kungechelewesha safari.

Hita ikawaka saa nane mfululizo. Joto lilipofika nyuzi 27 thamostati ikajaribu kujikata. Volti 65 zikapiga cheche kwenye pointi za volti 28 (vile vibati viwili vinavyogusana kupitisha umeme), pointi zikayeyuka zikashikana. Kuanzia hapo hakuna wa kuikata hita. Na hapa ndipo nilipoacha karanga: geji ya joto iliyokuwa nje ilitengenezwa iishie nyuzi 27 hizohizo, kwa sababu tangi halikutegemewa kuvuka hapo. Mtu wa zamu akawa anaiangalia, inasoma 27, anaona mambo shwari. Ndani wanakadiria ilifika zaidi ya 500. Maganda ya tefloni kwenye nyaya yakababuka. Halafu likajazwa upya, likapelekwa mwezini na watu watatu, nyaya zikiwa uchi zikiisubiri ile swichi ya Swigert.

Kwa nini inaniuma? Mwezi uliopita nililetewa friza la mama mmoja muuza samaki. Halizimi. Linagandisha mpaka chupa za soda zimepasuka. Nikafungua thamostati nikakuta pointi mbili zimeshikana, katikati pana kichembe cheusi kama chenga ya mchele. Nikaichokonoa kwa bisibisi ya testa, ikaachia: tak. Ukiitazama kwa nje, safi kabisa, maandishi yanasomeka. Fundi aliyepita alifunga ya ampia ndogo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Hakuwa mwizi, na mama anasema alimaliza kazi, akajaribu, friza likaganda, akalipwa.

Basi nilipoona lile tangi nikajua kabisa aliyekosea ni mtu wa aina gani. Ni mimi siku ya Ijumaa jioni.

Ninyi mlikwama wapi?

---

Mbishi Mkuu

Mleta uzi umeandika vizuri ila hiyo ni chai. Mwezini hawakwenda. Nimeangalia hiyo dokumentari nusu, picha za ndani ya chombo baada ya mlipuko unazihesabu kwa vidole. Watu wako kwenye hatari kubwa kuliko zote duniani na hakuna picha?

---

Mwalimu wa Zamu

Mbishi, umeme haukuwepo hata wa kuwasha kompyuta, wewe unataka wawashe kamera.

Nikupe kitu kimoja tu utafune. Kipande cha tatu cha roketi yao kiliachwa makusudi kikaugonge mwezi. Kikaugonga. Kipima mitetemeko kilichoachwa kule na Apollo 12 Novemba 1969 kikasoma mtetemo zaidi ya saa tatu. Mwezi ulilia kama kengele, na wanasayansi wakajifunza namna ulivyo ndani. Hilo ndilo jambo pekee la safari ile lililokwenda kama lilivyopangwa.

---

Mbishi Mkuu

Kipima mitetemeko ulikisoma wewe?

---

Mwalimu wa Zamu

Hapana, na figo zangu pia sijawahi kuziona.

Turudi kwenye uzi. Mimi nilikwama kwenye zile sekunde 14. Watu wengi wanakumbuka mlipuko, ila hesabu ngumu ilikuwa ya kurudi. Chombo kinaingia kwenye hewa ya dunia kwa mwendo wa kilomita 11 kwa sekunde. Kikiingia kwa kusimama mno, kinaungua na waliomo wanapondwa. Kikiingia kwa kulala mno, kinadunda kama jiwe la kuteleza juu ya maji na kutokomea. Pembe salama ilikuwa karibu nyuzi sita na nusu, na nafasi ya kukosea pande zote mbili ni nyembamba. Wakagundua wanateleza nje ya njia. Inabidi wawashe injini kidogo. Kompyuta imezimwa kuokoa umeme, nyota hazionekani vizuri kwa sababu ya mabaki ya mlipuko yanayoelea nje na kumetameta.

Wakafanyaje? Wakatazama dunia dirishani. Ule mstari unaotenganisha usiku na mchana wakaufanya ndiyo rula yao. Lovell anadhibiti upande huu, Haise upande ule, Swigert anahesabu kwa saa yake ya mkononi. Sekunde 14, zima.

Nilisimamisha picha nikawaita watoto wangu wawili waje waone. Wa kwanza akasema, "Baba, kumbe ndiyo maana ya pembe." Nimefundisha pembe miaka 16.

---

Nesi Usiku

Mimi ni nesi, nimeangalia na macho ya kazi. Kilichonitesa ni maji.

Umeme wa chombo kikuu ulikuwa unatengenezwa kwa kuchanganya haidrojeni na oksijeni, na mabaki ya kazi hiyo ni maji safi ya kunywa. Kwa hiyo oksijeni ilipotoka, walipoteza hewa, umeme na maji kwa mpigo mmoja. Maji yaliyobaki yakahitajika kupoozea mitambo. Kila mtu akawa anakunywa chini ya glasi moja kwa siku. Glasi moja! Mgonjwa wangu akinywa hivyo naita daktari.

Halafu waliambiwa wasimwage mkojo nje, usije ukasukuma chombo kikapotea njia hata kidogo. Wakawa wanauhifadhi kwenye mifuko. Baridi, kiu, mwili hausafishwi vizuri: Haise akapata maambukizi ya njia ya mkojo, akaingia duniani na homa anatetemeka. Wote watatu kwa pamoja walipoteza kama kilo 14, karibu nusu yake ni Lovell peke yake.

Kwenye dokumentari hili linapita kama sentensi moja. Mimi ningelipa dakika kumi.

---

FundiFriji

Nesi, umenikumbusha baridi. Ndani ya chombo kikuu ilishuka mpaka nyuzi 3. Wakuu, nyuzi 3 ndiyo friji lako la nyumbani, pale kwenye maziwa. Wamelala mle, nguo nyepesi, ukuta unatoa jasho.

Na hili la umeme. Walihamia kwenye chombo cha kutua mwezini, kile walichokiita Aquarius, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Wao watatu, siku nne. Wakakizima karibu chote mpaka kikawa kinakula kama ampia 12 tu. Zidisha kwa volti 28 unapata wati 340 hivi. Pasi ya kunyoshea nguo ni wati 1,000. Watu watatu wamerudi kutoka mwezini kwa theluthi ya pasi.

---

Mama Wawili

Wanaume mmeongea tangi, mmeongea pembe, mmeongea pasi. Marilyn Lovell hamjamwona?

Yuko nyumbani na watoto wanne. NASA wamemwekea kispika sebuleni anasikia mumewe akiongea na Houston. Kabla ya mlipuko wale wanaanga walirusha kipindi cha televisheni kutoka angani wakionyesha chombo chao. Hakuna kituo hata kimoja kikubwa kilichokirusha, watu wameshachoka na mwezi, ni safari ya tatu ya kutua. Marilyn alilazimika kwenda kule kituoni ndipo amwone mume wake. Amerudi nyumbani, mlipuko, na ghafla waandishi wamejaa barazani wanataka kusimika mnara wa matangazo kwenye bustani yake.

Akawakatalia. Akasema kama mna shida na hilo muulizeni mume wangu, atakuwa nyumbani Ijumaa.

Hiyo ndiyo sehemu niliyosimama jikoni na mwiko mkononi.

---

Mzee wa Ngamiani

Watoto, hamjambo.

Hiyo Ijumaa naikumbuka. Nilikuwa kijana Tanga, mjomba wangu alikuwa na redio ya mbao ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Wiki nzima habari ni hiyo ya wazungu watatu waliokwama. Saa 3 usiku mjomba akaitoa redio barazani, majirani wakakusanyika, wengine na viti vyao. Nilichokishika mpaka leo ni kule kunyamaza. Mtangazaji anasema hawasikiki, wanaingia kwenye hewa, hawasikiki. Bibi yangu hakujua mwezi unafikiwaje, lakini alikuwa na tasbihi mkononi anawaombea. Mjomba alimwambia, "Mama, hao si Waislamu." Bibi akamjibu, "Wana mama zao."

---

Nesi Usiku

Shikamoo mzee. Hapo nimefuta simu kwa kanga.

---

Mzee wa Ngamiani

Marahaba mwanangu.

---

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Kumbukumbu yako iko sawasawa. Walitua baharini, Pasifiki, saa 3 na dakika 7 usiku kwa saa zetu, Ijumaa tarehe 17. Na ule ukimya ulikuwa wa kutisha kweli: moto unaozunguka chombo kikiingia angahewani hukata redio kwa dakika chache, hiyo inajulikana. Safari ile ukimya ulirefuka zaidi ya dakika moja kupita muda waliouhesabu. Kwenye dokumentari unasikia Houston wanaita, hakuna jibu. Wanaita tena.

---

Mtoto wa Unguja, Maskati

Assalaam aleikum. Nami nichangie kidogo maana watu husahau. Kabla ya Apollo, wakati wa ile miradi ya mwanzo ya Mercury, mojawapo ya vituo vya kufuatilia vyombo vya Wamarekani kilikuwa kwetu Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na Zanzibar kwa redio. Kituo kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Babu yangu alikuwa akisema walipokuwa wadogo waliona masahani na milingoti wakidhani Wamarekani wanavua ndege.

Kwa hivyo huyu bwana Mbishi anayesema hakuna kitu, babu yangu alikuwa jirani ya hicho kitu.

---

Mbishi Mkuu

Kuzunguka dunia sikatai. Nakataa mwezi.

---

Mtoto wa Unguja, Maskati

Haya sheikh, hatua moja baada ya nyingine.

---

Breki Chini, Mlolongo

Jameni, Wakenya tuko hapa pia. Na si mbali na hayo mambo: mwaka huohuo wa 1970, Desemba 12, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa Siku ya Jamhuri, kumbukumbu ya uhuru wetu. Basi.

Sasa mimi ni dereva wa gari la kuvuta magari yaliyoharibika njiani, na kuna kitu hakuna mtu amekitaja. Chombo cha Aquarius kilitengenezwa na kampuni ya Grumman. Chombo kikuu kilichoharibika ni cha North American Rockwell. Watu waliporudi salama, Grumman wakawatumia hao wenzao ankara ya kuvuta gari! Dola 4 kwa maili ya kwanza, dola 1 kwa kila maili inayofuata. Kuchaji betri, kando. Oksijeni, kando. Malazi ya watu wawili tayari yalilipwa, lakini kuna mgeni wa tatu chumbani, dola 8 kila usiku. Wakatoa na punguzo. Jumla ikawa zaidi ya dola laki tatu na elfu kumi na mbili.

Ilikuwa utani, na wale wakakataa kulipa. Walijibu kwamba wao wamekuwa wakivuta vyombo vya Grumman hadi mwezini safari zote zilizotangulia na hawajawahi kudai.

Nimeichapisha hiyo ankara nimeibandika kwenye kioo cha gari. Mteja akilalamika kwamba Mlolongo mpaka Athi River ni pesa nyingi, namwonyesha.

---

FundiFriji

Breki Chini umeniua. Na Swigert je? Kwa sababu aliitwa ghafla, yuko angani ndipo anakumbuka hajawasilisha hesabu za kodi, na mwisho ni tarehe 15 Aprili. Akawauliza Houston namna ya kuomba kuongezewa muda. Wakacheka, yeye anasisitiza hatanii. Mfanyabiashara yeyote anayejua wiki ya mwisho wa kuwasilisha ritani atamwelewa.

---

Mkata Picha

Naomba niwe mbaya kidogo. Nafanya kazi ya kuhariri video za harusi na matangazo, na hii dokumentari mnaisifu kupita kiasi.

Kwanza imeegemea sana nyumba ya Lovell. Haise na Swigert wako kama abiria. Huyo Swigert ndiye aliyetoa taarifa ya kwanza kwa Houston, Lovell akairudia. Baadaye akachaguliwa mbunge wa Marekani kutoka Colorado, akafariki kwa saratani Desemba 1982 kabla hajaapishwa. Mtu mwenye maisha hayo unampa dakika ngapi?

Pili, kuna muziki sehemu ambazo sauti ya redio peke yake ingetosha. Wale watu wa Houston wanaongea taratibu kama wanaagiza chai. Huo utulivu ndio unaotisha. Ukiweka vinanda juu yake unakuwa kama mtu wa harusi anayeweka wimbo wakati bi harusi analia. Najua, nimefanya hivyo mara nyingi, nalipwa.

Tatu, hawajamaliza suala la thamostati. Mleta uzi kaeleza vizuri kuliko filamu.

---

Kiswahili Sanifu

Kwa kuwa Mkata Picha ametaja taarifa ya kwanza: watu wananukuu "Houston, tuna tatizo". Hayo ni maneno ya filamu ya kuigiza ya mwaka 1995. Swigert na Lovell walisema jambo lililokwisha kutokea: tumepata tatizo. Katika lugha yetu tofauti ni neno moja, na uzito wake ni mkubwa. "Tuna" ni mtu anayeomba. "Tumepata" ni mtu anayetoa ripoti.

Na ile kauli ya kwamba kushindwa hakuruhusiwi, anayopachikwa mkuu wa zamu Gene Kranz, nayo ni ya waandishi wa filamu ileile. Kranz akaipenda, baadaye akakiita hivyo kitabu chake.

---

Mama Wawili

Lile sanduku la hewa mbona hakuna aliyelisema? Mume wangu ndiye alinisimamishia picha akanieleza.

Watu watatu wanapumua kwenye chombo cha watu wawili, hewa chafu inajaa. Visafisha hewa vya Aquarius vinakaribia kuisha. Kwenye chombo kikuu viko tele, ila ni vya mraba, na tundu la Aquarius ni la duara. Houston wakakaa na vitu vilevile vilivyoko kule juu: mifuko ya plastiki, gamba la kitabu cha ratiba, mabomba ya mpira ya kupitishia hewa ya mavazi ya mwezini, na selotepu ya kijivu. Wakatengeneza kwanza wao, kikafanya kazi, halafu wakawasomea wale kwa redio hatua moja moja, kata hapa, kunja hapa, funga hapa. Bila picha! Wakakiita sanduku la posta kwa jinsi kilivyokaa. Hewa chafu ikashuka.

Mimi nashona. Nimewahi kumwelekeza mtu kwa simu akate mkono wa gauni. Haikuishia vizuri.

---

Kijana wa Sabasaba

Kwa hiyo mnataka kusema waliokolewa na selotepu? Waliokolewa na Mungu. Dunia nzima iliomba, Papa aliomba, bibi yake mzee aliomba.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndugu yangu, sina ugomvi na bibi wa mzee. Ila kuna jambo moja niliseme. Walipokiwasha tena chombo kikuu saa za mwisho, mbao zote za swichi zilikuwa zimelowa maji ya baridi ile. Fundi atakwambia: maji, nyaya, umeme. Kila mtu alitegemea shoti. Haikutokea. Kwa nini? Januari 1967 wanaanga watatu, Grissom, White na Chaffee, walikufa kwa moto ndani ya chombo kikiwa bado ardhini, kwenye mazoezi. Baada ya moto ule nyaya zote zikafungwa upya na kukingwa. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya moto ndiyo iliyozuia maji.

Kama unataka kusema Mungu alipita hapo, sitakubishia. Ila kulikuwa na watu waliokufa kabla.

---

Kijana wa Sabasaba

Hapo sawa mwalimu.

---

Breki Chini, Mlolongo

FundiFriji, swali. Wewe unamlaumu nani haswa? Waliolidondosha tangi, walionunua thamostati, ama waliowasha hita masaa nane?

---

FundiFriji

Nimelifikiria kutwa nzima, mpaka nimeunguza waya wa mteja.

Waliolidondosha siwalaumu, sentimita 5 huanguka kila siku, na walilikagua. Waliowasha hita walikuwa wanamaliza kazi kwa kutumia akili, na kwa karatasi walizokuwa nazo walikuwa sahihi: karatasi zinasema thamostati italinda. Anayenisumbua ni yule aliyeamua geji iishie 27. Hakukosea hata kidogo. Kama tangi haliruhusiwi kupita 27, kwa nini geji isome 100? Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Ndiyo maana sina wa kumlaumu na roho haitulii.

Kwenye karakana nina mita ya bei rahisi ambayo ikifika mwisho inaandika 1 tu upande wa kushoto. Vijana wangu wanaisoma wanasema, "Moja, bosi, iko sawa." Toka juzi nawapigia kelele.

---

Mkata Picha

Na lile friza la samaki?

---

FundiFriji

Nimefunga thamostati yenye ampia zake halisi. Mama kauliza mbona bei imezidi ya fundi wa kwanza. Nikaanza kumweleza pointi, cheche, volti 65, mwezi. Akaniangalia. "Baba, mimi nauza vibua. Nipunguzie elfu tatu."

Nikapunguza elfu mbili.

---

Mgeni Jukwaani

Wakuu nimesoma uzi wote, nimeamua kuiona. Ina ukubwa gani? Nimebakiwa na MB 600 na mwisho wa mwezi bado.

---

FundiFriji

Haitoshi kwa ubora mkubwa mkuu, shusha picha mpaka chini kabisa. Picha zenyewe ni za 1970, hutapoteza kitu. Ila vaa spika za masikioni, sauti usiiguse.